Pale Gitaa Linaponyamaza

4 Februari

Mjomba shikamoo,

Hiyo ni shikamoo yangu mwenyewe. Mama hajatuma salamu, ila nilipomwambia nakuandikia aliacha kufagia, na kwa dada yako hiyo ni salamu tosha. Goti lake la kulia limeanza tena. Paka amezaa ndani ya gunia tupu, watoto wanne, wote wana sura ya kudai kitu. Paa la jikoni linavuja palepale ulipoliacha.

Mimi bado niko kinuni. Nabeba magunia, namimina nafaka, napokea unga, nabeba tena. Jioni nikirudi nyumbani nafanana na mzimu aliyechoka. Mikono inauma hadi kijiko kinakuwa kizito. Wenzangu wananiita Unga. Jukwaani naitwa Radi. Wewe tumia Radi.

Sasa shika kiti. Wiki iliyopita Kifua Wazi alikuja kinuni. Ndiyo, mwimbaji wa bendi yenu mwenyewe. Amezeeka, lakini vifungo vitatu vya juu bado havijui kazi yake. Alisimama katikati ya vumbi na suti nyeusi, akatoka na suti ya kijivu. Anasema wale waliochapa santuri yenu wanataka kuichapa upya, na mwezi wa nane kutakuwa na onyesho ukumbini: Wazimu wa Jumatatu wanapiga santuri yote ya *Umeme Umekatika*, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Akaniuliza, "Yuko wapi yule bwana? Bila gitaa lake sisi ni kwaya tu."

Nikamwambia utakuja. Nikamwambia tumeshaongea, wewe na mimi, na umefurahi sana. Mjomba, mdomo wangu una miguu kuliko mimi. Umeshafika huko, basi nisaidie usirudi na aibu.

Unajua kijiweni tunabishana albamu kubwa za roki za dunia nzima. Mmoja ataleta ile yenye mwanga unaopenya kioo cha pembetatu ukatoka rangi rangi. Mwingine ile ya wale vijana wanne wanaovuka barabara kama wamechelewa kazini. Mimi nawaacha wamalize, halafu naweka yenu mezani. Naiweka kwa mdomo tu, maana jalada mama amelifungia kabatini. Tukija kwa wapiga gitaa, wanaanza na yule wa mkono wa kushoto aliyelichoma gitaa lake moto mbele ya watu. Nawaambia sawa, huyo alikuwa mkali, lakini mjomba wangu hakuhitaji kiberiti.

Nimekutumia kanda. Humo ni mimi na wenzangu wawili, wa besi na wa ngoma, tunapiga wimbo wenyewe wa *Umeme Umekatika* kama mlivyoupiga ninyi. Sema ukweli wote, hata ukiwa wa kunisifu. Na nitumie namba ya simu ya hapo hotelini unapofua. Kuandika ni kazi. Shule niliacha darasa la saba na nusu, na hiyo nusu nilijiongezea mwenyewe.

Mpwa wako,
Radi


27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika na unga kwenye mikunjo, nikaipangusa kabla ya kusoma. Mpe mama yako pole ya goti. Hapana, usimpe. Mwekee maji ya moto kwenye kitambaa, usiseme yametoka kwangu.

Hapa kazi ni ileile. Mgeni analala usiku mmoja, shuka inafuliwa, inakaushwa, inapigwa pasi, inakunjwa, kesho imerudi. Kukunja ni kazi ya watu wawili. Kila mmoja anashika pembe zake, mnatazamana, mnavuta, mnakutana katikati. Hatuzungumzi. Mashine zinanguruma, ndiyo sababu hakuna anayemshangaa mwenzake kwa kukaa kimya. Nimeizoea hali hii. Miguu inavimba jioni, basi.

Mwambie Kifua Wazi sitakuja. Amtafute mwingine. Wapo wengi na wana nguvu kuliko mimi. Na wewe uache kunipangia safari.

Simu ya hapa ni ya wageni. Usipige.

Kanda imefika.

Mashine ikiwashwa hapo kinuni, tia pamba masikioni. Na ukiwa mbele ya spika, vilevile.

Mjomba


12 Machi

Mjomba shikamoo,

Goti la mama limepoa. Nilimwekea kitambaa, akaniuliza nani amenifundisha, nikasema akili yangu. Akasema basi miujiza bado ipo. Watoto wa paka wamefumbua macho. Mmoja namlea mimi, naye ananidharau.

Sasa tuje kwenye kesi. "Kanda imefika." Mjomba! Hata gunia la pumba likifika kinuni tunaliambia neno zuri kuliko hilo. Nilirekodi ile kitu siku ya mapumziko, siku ambayo watu wenye mgongo kama wangu hulala. Nimepiga kile kilima cha katikati, pale gitaa linapoanguka kutoka juu kabisa na palepale, bila kuvuta pumzi, linapaa tena. Hapo ndipo vijana wote wa hapa wanaposhindwa. Wanakuja kwangu kujifunza. Nawafundisha, nawatukana kidogo, wanaondoka wameshiba. Wewe mwenye wimbo unaniambia imefika, kama posta.

Nilijifunzia kwenye kanda ya mama, ile aliyoinakili kwenye santuri kabla santuri haijaazimwa na kupotea. Ndiyo iliyobaki peke yake mtaa mzima. Ina umri kunizidi na makovu kunizidi. Mama anasema nilipoanza kutambaa niliivuta nikaitoa utumbo wote, nikaifanya tambi. Akakata pale palipochakaa, akaunga kwa rangi ya kucha. Kwa hiyo mimi na wewe tulianza kupigana zamani.

Nilimuuliza mama kwa nini hutaki kuja. Akasema, "Kaka yangu ana maringo. Alipata jina, akatuona sisi vumbi." Akanihadithia tena habari ya stendi, mara hii na machozi. Ulipokuja kwenye mazishi ya bibi ulikaa pembeni, kila unaloulizwa unasema ndiyo. Siku ya kuondoka ulisahau sweta yako. Akakukimbilia stendi na goti lake hilo, akiita kaka, kaka, hadi wauza karanga wakamsaidia kuita. Ulikuwa mbele yake hatua chache tu. Ukapanda basi bila kugeuka. Sweta bado ipo, kwenye mfuko uleule. Hairuhusiwi kuguswa wala kutupwa.

Mama anasema sikio la kufa halisikii dawa, na mimi leo nipo upande wake.

Nimekutumia kanda ya pili. Hii nimepiga kwa sauti kubwa zaidi. Labda ile ya kwanza ilikuwa na adabu mno.

Mpwa wako aliyesusa,
Radi

Halafu hiyo pamba ni ya nini? Mimi ni mpiga roki, si mgonjwa wa meno.


9 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, tulikuwa na wageni wengi na mwenzangu mmoja aliugua. Nimefurahi habari ya goti. Methali yako niliisoma mara mbili.

Uliwahi kuniuliza ule mkoromo wa gitaa kwenye santuri tuliutoa wapi. Watu wameandika mengi. Mmoja aliandika kwamba ni kilio cha kizazi kizima. Ni panya. Tulikuwa tunafanyia mazoezi kwenye ghala la zamani la kuhifadhia matunda, tukiruhusiwa Jumatatu tu kwa sababu siku nyingine lina shughuli. Wiki moja tukakuta panya wametafuna karatasi ya spika yangu. Nilipochomeka gitaa likakoroma kama mzee mwenye mafua. Kifua Wazi akasema tununue nyingine. Hatukuwa na uwezo. Tukarekodi hivyohivyo. Baadaye nikasikia vijana wanachana spika zao nzima kwa wembe ili wapate sauti ya panya wetu.

Ile spika nilisimama nayo ubavuni miaka yote tuliyopiga, upande wa kushoto. Kadiri ilivyochanika, ndivyo nilivyoipandisha sauti ili niipate vizuri.

Mambo hayo yamepita. Hata kwenye jalada mpiga picha alinikata, nikabaki mkono na gitaa. Naona alifanya sawa.

Kanda ya pili nayo imefika. Usikasirike.

Nieleze, hapo kinuni anayesimama karibu na mashine ni nani? Ana miaka mingi hapo? Na wewe tia pamba. Si lazima uelewe, tia tu.

Ukimwona mama yako ametulia, mwambie ile siku ya stendi

Acha. Usimwambie kitu.

Mjomba


30 Aprili

Mjomba shikamoo,

Huku tuko salama, tumechoka tu. Mashine ya pili imekufa, kwa hiyo mashine moja inasaga ya mbili na mimi nabeba ya watatu. Nimeanza kusinzia nikiwa nimesimama, kama farasi mwenye madeni.

Panya! Nimecheka hadi nikajimwagia unga. Nimewaambia kijiweni, hawaamini. Mmoja ameenda kuchunguza dari lao.

Kifua Wazi amenikubali nishike gitaa "kwa muda, mpaka mjomba wako afike." Yaani mimi ni kiraka. Sawa, lakini kiraka cha hariri. Tatizo ni mazoezi. Tunapiga vizuri mpaka kwenye kilima. Nikianguka na kupaa, wao hawapo. Mpiga ngoma wenu amesimama kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani, Kifua Wazi anafungua mdomo nyuma yangu, kila kitu kinamwagika. Tumerudia mpaka jasho likaisha.

Kifua Wazi ananiambia, "Unakimbia, kijana."

Nikamwambia, "Sikimbii. Nyinyi ndio mmekaa."

"Pale kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Sikumbuki, na santuri sina tena. Lakini kuna kitu. Mjomba wako ndiye alikuwa anatupa ishara."

Wazee wamechoka, mjomba. Nimekipiga kilima hicho maisha yangu yote, ninakijua kuliko meno yangu. Andika mstari mmoja tu: Radi yuko sahihi. Nitaubandika ukutani.

Umeuliza anayesimama karibu na mashine. Ni fundi wetu, mzee wa kinu. Yupo hapo tangu kinu ni kipya. Mbona unamuuliza yeye na hunisikilizi mimi?

Radi


3 Mei

Mjomba,

Sijasubiri jibu lako. Leo sina utani.

Mchana mkanda wa mashine ulikatika. Nilikuwa nyuma ya fundi, nikampigia kelele ajitenge na mkanda uliokuwa unaning'inia. Mashine ilikuwa imeshazimika, kinu kiko kimya kabisa, nami nampigia kelele kwa nguvu zote, na yeye anaendelea kuinama. Nilimvuta shati. Akageuka akatabasamu, akanitazama midomo, akasema, "Ndiyo, ndiyo." Kila nilichomwambia, ndiyo.

Baadaye nikamuuliza kwa ishara. Akasema nyumbani huwasha redio kila jioni, lakini ni kwa ajili ya mkewe.

Nilikaa juu ya gunia nikafikiria simu ambayo ni ya wageni. Nikafikiria kanda zilizofika. Nikafikiria stendi.

Mjomba, unasikia?


11 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba ya barua zote mbili.

Hapana.

Sikio la kushoto liliondoka zamani, lile lililokuwa upande wa spika. La kulia lilikuwa linaondoka kidogokidogo wakati wa mazishi ya mama yetu. Siku hizi nasikia mlio mmoja tu mwembamba ambao hauzimiki, kama taa ya neoni iliyoharibika. Ile methali yako ya sikio la kufa, niliposoma mara ya pili nilicheka. Usijilaumu.

Kwenye mazishi watu walikuja kunipa pole na mimi sikujua wanasema nini. Nikajibu ndiyo kwa kila mtu. Nadhani nilikubali mambo mengi siku ile. Sikumsikia mama yako stendi. Nilifika huku, wiki chache baadaye nikapata barua yake, mistari miwili, kwamba sasa nina maringo. Nilikaa na barua ile nikapima. Mtu mwenye maringo watu humwacha. Kiziwi watu humwonea huruma, halafu wanachoka naye. Na mimi nilikuwa sikio la Wazimu wa Jumatatu. Nikaona heri maringo. Nikabaki huku kwenye mashine za kufulia ambako hakuna anayesikia mwenzake. Kujifanya unasikia, mpwa wangu, ni kazi nzito kuliko shuka. Nimechoka nayo kabisa.

Sasa kanda zako. Nilizisikiliza zote mbili siku zilipofika. Mwenzangu wa pasi ana redio ya kaseti. Niliiweka juu ya meza ya kupigia pasi, nikatandaza viganja juu ya spika. Besi huingia kwenye kifundo cha mkono. Gitaa hukaa kwenye ncha za vidole. Ngoma hupanda mpaka kwenye kiwiko. Nilipotambua kwamba ni wimbo wetu na kwamba ni mkono wako, nilishindwa kukuandikia zaidi ya kwamba imefika.

Una mkono mzuri. Mzito kidogo, ni magunia hayo. Lakini kwenye kilima viganja vyangu vilijikwaa. Nikarudisha nyuma, vikajikwaa tena. Kwenye kanda ya pili, palepale. Kifua Wazi anasema kweli, hapo kuna kitu na wewe umekiruka.

Gitaa likianguka, linanyamaza. Besi inanyamaza. Vipimo vinne vizima: moja, mbili, tatu, nne, mara nne. Anabaki mpiga ngoma peke yake, anagonga ukingo wa ngoma taratibu kama bomba linalodondosha. Halafu ndipo gitaa linapaa. Wimbo unaitwa *Umeme Umekatika*, ulidhani kwa nini? Jumatatu moja pale ghalani ulikatika kweli katikati ya kilima. Mpiga ngoma hahitaji umeme, akaendelea kugonga gizani. Uliporudi, tukaingia pamoja bila kuambiana. Tukasema tubaki nayo hivyo. Kila mtu anausifu mkoromo, lakini pale tulipokaa kimya ndipo palipoifanya santuri ile isimame mbele za watu.

Nani alikufundisha kuruka?

Usimwambie mama yako habari ya masikio. Nakuomba kama mjomba, si kama rafiki.

Mjomba


29 Juni

Mjomba shikamoo,

Aliyenifundisha kuruka ni mama. Kwa mkasi.

Nilichukua ile kanda nikaizungusha kwa kalamu polepole mpaka nikapaona pale palipoungwa. Rangi ya kucha bado nyekundu. Ipo kwenye kilima, haswa. Kipande kilichochakaa ndicho kilichokuwa kimya chako. Akakata, akaunga, nami nikakua nikidhani wewe huvuti pumzi. Na nimewafundisha mtaa mzima. Mjomba, hapa kuna vijana kumi na zaidi wanaokimbia kilima kwa sababu mtoto alicheza na tambi.

Jana mazoezini nilisubiri. Nilipoanguka nikaondoa mikono kwenye nyuzi. Mpiga ngoma akanitazama, akaanza kugonga ukingo. Kifua Wazi akakaa chini kwenye sakafu na suti yake. 

Ni kirefu sana hicho kimya. Mikono yangu haikujua iende wapi.

Kwa mama sitasema. Hilo nimelishika. Lakini njoo. Nitakusimamia pembeni, nitakuwa nakugusa bega watu wakikusemesha. Mimi mwenyewe najua kujibu mambo ambayo sijaulizwa.

Radi


20 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Sitakuja. Sitaki kupigiwa makofi nisiyoyasikia, na sitaki kuwa mzee anayeguswa bega.

Kile kimya usikihesabu kichwani, kichwa chako kina haraka. Hesabu kwa kisigino, ndani ya kiatu, watu wasione.

Tia pamba.

Mjomba


26 Agosti

Mjomba shikamoo,

Watoto wa paka wote wamepata kwa kwenda isipokuwa yule anayenidharau. Goti la mama liko hivyohivyo, utaona mwenyewe kwa nini ninalitaja.

Onyesho limepita. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Vijana wangu wa kijiweni walikuwa mbele, wote wamejiandaa kunionyesha kwamba na wao wanakijua kilima. Nilipoanguka, waliendelea na mikono hewani, wakapaa peke yao kama wajinga. Mimi nimesimama. Kisigino kinahesabu ndani ya kiatu. Bomba linadondosha. Mjomba, ukumbi mzima ulinyamaza, hata yule mwenye kikohozi alikimeza. Sijawahi kupiga kitu kizuri kama hicho, na nilikuwa sijapiga kitu. Halafu tukapaa. Ya baada ya hapo nisiseme, nitaonekana najisifu. Walinibeba. Ndiyo, mpaka mlangoni.

Nilikuwa nimetia pamba. Zote mbili, za duka la dawa, si za godoro. Na tangu siku ile natia kinuni pia. Nimempelekea na fundi, akacheka, akasema ungeniletea zamani.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Kumbuka nilikuahidi sitamwambia mama, na sijamwambia. Sijatoa neno hata moja.

Juzi nilirudi kutoka kazini nimechoka hadi nywele. Nikainama uani kwenye beseni naosha unga kichwani, pamba bado zimo masikioni. Sikupanga. Sawa, nilipanga kidogo. Mama alikuwa mlangoni nyuma yangu. Sijui aliita mara ngapi. Nilichoona ni miguu yake imezunguka imekuja mbele ya beseni, na mwiko mkononi. Nikainua uso. Midomo yake ilikuwa inasema, nikaisoma yote, maana hilo naligundua si gumu mtu akiwa na hasira: "Nakuita mpaka koo linakauka, umenigeuzia mgongo! Una maringo kama mjomba wa..."

Hakumaliza. Alinitazama masikio. Akaitoa pamba moja kwa vidole viwili, akaishika, akaiangalia kama mtu aliyeokota jino.

 Maji yalikuwa yananidondoka kichwani kwenye beseni, tone, tone, na mimi nilikuwa nayasikia kwa sikio moja. Kisigino changu chenyewe kikaanza kuhesabu. Alikaa chini palepale, juu ya ndoo iliyogeuzwa, na mwiko wake.

Halafu akauliza, "Tangu lini?"

Nikaendelea kuosha nywele. Ahadi ni ahadi.

Akasema, "Na wauza karanga wote wale wakaita." Akafunika uso kwa nguo yake. Alilia muda, halafu akaanza kucheka, halafu akalia tena. Baadaye aliinuka akaenda kabatini. Nilidhani anafuata jalada la santuri. Alitoka na ule mfuko wa sweta.

Anakuja wiki ijayo, barua hii itatangulia. Kifua Wazi alitaka kumsindikiza, mama amemkataa, anasema hasafiri na mtu asiyefunga vifungo. Nimemweleza kwamba hoteli ni kubwa na mlango wa chumba cha kufulia nadhani uko nyuma. Akasema yeye nyuma yako hapiti tena, atazunguka jengo lote kwa goti lake hilohilo na ataingia upande ambao utamwona anavyokuja.

Usikimbie, na usitafute la kumwambia. Wewe endelea na kazi yako. Toa shuka kwenye kikapu, shika pembe zako mbili. Zile nyingine mwachie yeye.

Mpwa wako,
Unga